Shokapu Mpya, Mlio Uleule

Katika vijiji vya Kakonko gari husikika kabla halijaonekana. Kwanza huja mngurumo wa injini, kisha kelele ya pili inayotoka chini, kavu na ya haraka: ko-ko-ko, ko-ko. Wasikilizaji wa Gwarama, Kasanda na Nyabibuye hawahitaji kuambiwa ni ya nini. Bushi zimekwisha, boljointi imelegea, au shokapu imebaki chuma kitupu kisicho na oili ndani. Watoto wa kijiji huweza kutaja mwenye gari kwa mlio tu, na aghalabu hawakosei.

Jambo la kushangaza si kwamba magari hayo hugonga. Gari la miaka 25 lina haki ya kugonga. La kushangaza ni kwamba mengi yameshabadilishiwa spea. Mwenye gari amechanga fedha baada ya mavuno ya maharage, ameagiza shokapu mbili na bushi seti nzima, fundi amefunga, gari likatulia. Msimu mmoja haujaisha, mlio umerudi palepale. Hapo ndipo lawama zinapoanza, na lawama hizo zina njia mbili zilizozoeleka: barabara ni mbaya, na spea ni feki.

Yote mawili ni kweli kwa kiasi chake. Ila kuna mkosaji wa tatu ambaye hatajwi, naye ni mkono ulioshika spana. Spea nyingi nzuri hufa mapema kwa sababu zilikazwa gari likiwa limening'inia hewani. Mazungumzo haya ni juu ya kazi hiyo, kubadilisha vitu vya chini vya gari kuukuu nyumbani, na hasa hatua hiyo moja inayorukwa.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Gwarama ni kata ya wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kwa miaka mingi safari ya kutoka huko kwenda Kasulu au Nyakanazi ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Mambo yamebadilika. Novemba 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa kujenga kwa lami barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, kazi ikagawanywa vipande vinne. Kipande cha kutoka Nyakanazi hadi Kabingo, kilomita 50, na kile cha Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, vilikuwa miradi ya pembeni. Dereva aliyezoea kulala njiani sasa ana mahali pa kuingiza gia ya tano.

Lakini lami ni ya barabara kuu. Muhogo, maharage na mahindi hayalimwi kando ya lami peke yake, na gari linalokwenda kuyachukua linaacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu. Kiangazi udongo huo hushindiliwa na magurudumu hadi unajikunja mikunjo midogomidogo kama bati. Masika hukatwa na maji, makorongo yakabaki. Juu ya hayo weka mzigo: magunia ya lumbesa nyuma, abiria wanne kwenye kiti cha watatu, na mwingine kwenye kiti cha mbele amempakata mtoto.

Gari lenyewe aghalabu ni Toyota. Chukua Carina Ti, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1996 hadi 2001, ambayo bado ni teksi na gari la familia katika miji mingi ya Tanzania. Changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 20. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kuundwa, na Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo. Yenyewe hutoza kodi ya uchakavu, gari likapita. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida hupata gari, na pamoja na gari hupata kazi ya kulitunza.

Carina Ti mbele hutumia mtindo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kuenea baada ya Ford Consul ya Uingereza ya 1950. Springi ya duara imezunguka shokapu, vyote viwili vimesimama kama nguzo moja. Juu nguzo hiyo imefungwa kwenye bodi kwa mauntingi yenye raba na beringi. Chini imeshikwa na bolti mbili kwenye chuma kinachobeba habu, na chuma hicho kimekaa juu ya boljointi iliyo kwenye ncha ya wishiboni. Nyuma pia kuna nguzo kama hiyo kila upande, ila badala ya wishiboni kuna fito kadhaa, kila ufito una bushi huku na huku. Ukihesabu bushi zote za gari hilo utashangaa. Ndiyo maana mlio mmoja unaweza kuwa na wazazi wengi.

Hapa kuna imani moja ya kuondoa kwanza. Wengi huamini shokapu ndiyo inayobeba gari. Gari likishuka nyuma wanasema, "Fundi, shokapu zimechoka." Sivyo. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Gurudumu likiingia shimoni springi hujibana kisha hujinyoosha kwa nguvu, na isingekuwa shokapu ingeendelea kucheza juu na chini hadi mwisho wa safari. Shokapu huisukuma oili kupitia vitundu vidogo, mwendo ule ukageuka joto. Gari lililoshuka lina springi iliyolegea au iliyokatika. Gari linaloruka-ruka ndilo lenye shokapu mbovu.

Joto hilo si la kinadharia. Dereva aliyepiga mwendo kwa saa nzima juu ya mikunjo ya kiangazi, akasimama na kugusa shokapu ya nyuma, atauondoa mkono haraka. Oili ikichemka kiasi hicho hutoa povu, na povu hupita kwenye vitundu bila kuzuia chochote. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyetafuta dawa ya tatizo hilo katika miaka ya 1950, kwa kuweka gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo ndani ya shokapu ili oili isitoe povu upesi. Shokapu za gesi zinazouzwa leo zimetokana na wazo hilo. Hata hivyo hakuna shokapu ya gari dogo inayoweza kwenda mwendo wa lami juu ya mikunjo, ikiwa imebeba lumbesa, ikadumu. Kusimama dakika 15 kivulini kunaipa nafasi ya kupoa, na hakugharimu kitu.

Sasa mlio. Fundi mzuri husikiliza kabla ya kufungua, maana sauti hutaja pahala pake. Mlio mwepesi wa haraka, gari likipita polepole juu ya kokoto, mara nyingi ni linki za stebilaiza, zile fimbo fupi ambazo ni rahisi kubadilisha na bei yake haitishi. Mlio mmoja mzito unaosikika dereva akikanyaga breki au akiondoa gari ni bushi za wishiboni. Mlio wa springi kujikunja, kama waya ulioachiwa, usukani ukizungushwa gari limesimama, ni beringi ya mauntingi. Na ule mlio wa tak-tak-tak gari likikata kona huku limekanyagwa moto hauhusiani na shokapu hata kidogo: ni sivii jointi. Watu wamebadilisha shokapu mbili kwa sababu ya sivii jointi moja, na mlio wao wameubakiza kama ulivyokuwa.

Baada ya kusikiliza, mikono. Kona ya gari husukumwa chini kwa nguvu kisha huachiwa. Ikipanda na kutulia, shokapu ina uhai. Ikicheza zaidi ya mara moja na nusu, imekwisha. Kipimo hicho hunasa shokapu iliyokufa tu, inayoelekea kufa hupita salama. Kwa hiyo fundi atazame pia kama oili imetiririka na kushika vumbi, na apitishe kiganja juu ya tairi: tairi lenye mabonde na vilima kuzunguka mduara linasema gurudumu limekuwa likiruka badala ya kukanyaga.

Kisha gari hunyanyuliwa. Gurudumu hushikwa juu na chini likatikiswa: likicheza, ni beringi ya habu au boljointi. Likishikwa kulia na kushoto likacheza, ni tairodi endi au rek endi. Boljointi ya chini ya gari kama Carina huweza kudanganya gurudumu likitikiswa. Mtaimbo uingizwe kati ya wishiboni na chuma cha habu, uinuliwe kidogo. Msaidizi aangalie pale kwenye jointi, si kwenye gurudumu.

Kunyanyua gari kwenyewe kunahitaji maneno. Ua wa nyumba ya Gwarama hauna sakafu ya saruji. Ni udongo, na udongo uliolowa humeza jeki. Chini ya jeki iwekwe mbao nene na pana. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe mawe mbele na nyuma, breki ya mkono ivutwe. Halafu swali la kitu cha kushikilia gari baada ya jeki. Katika nyanda hizi ambako kila kijiji kina tanuri, jibu linalokuja upesi ni tofali la kuchoma. Lisiwe hilo. Tofali hubeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa juu yake lote. Ukingo wa chuma cha gari hulikandamiza mahali pamoja, nalo hupasuka bila kuonya. Gogo la mti mgumu lililokatwa sawasawa pande zote mbili ni bora kuliko matofali kumi, na stendi za chuma ni bora kuliko gogo. Gurudumu lililofunguliwa lilazwe chini ya ubavu wa gari: jeki ikiteleza, gari litaangukia rimu na si mtu.

Kazi ya shokapu ya mbele huanza kwa bolti zilizoshika kutu. Baadhi ya magari yametumika Japani kwenye maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi, na kutu hiyo imesafiri nayo. Dizeli au mafuta ya taa hupakwa kwenye nati jioni, kazi ikafanywa asubuhi. Brashi ya waya husafisha nyuzi zilizojitokeza nje. Hapo spana ya ringi au boksi, mara nyingi namba 17 au 19, pamoja na kipande cha bomba cha kurefusha mpini, hufanya kazi ambayo nyundo na tindo zingeiharibu.

Hozi ya breki inayoshikwa kwenye mwili wa shokapu hutolewa kwanza. Kusahau hili kumegeuza kazi ya shokapu kuwa kazi ya breki kwa watu wengi. Bolti mbili za chini zitoke, chuma cha habu kifungwe kwa kamba kisiiname na kuvuta sivii jointi, ndipo nati tatu za juu chini ya boneti zifunguliwe na nguzo yote ishuke. Ile nati ya katikati, iliyo juu ya mauntingi, isiguswe. Sikia tena, ndugu msikilizaji: nati ya katikati isiguswe gari likiwa bado na springi iliyojibana.

Sababu ni hii. Carina Ti ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,000, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele kwa sababu ya injini. Kila springi ya mbele hubeba karibu kilo 300. Hata nguzo ikishatolewa kwenye gari, springi hubaki imebanwa kati ya sahani mbili, na kinachoizuia isifyatuke ni nati ile moja. Kuifungua bila kuibana springi kwanza ni kufyatua mtego wenye chuma usoni. Springi klampu, jozi ya bolti ndefu zenye makucha, ndicho chombo chake. Hufungwa pande mbili zinazoelekeana, hukazwa kidogo huku na kidogo kule, hadi springi inapozunguka kwa mkono ndani ya sahani zake. Kuna mafundi wanaofunga springi kwa minyororo au waya wa nondo, na wapo waliofanya hivyo miaka mingi bila kuumia. Hoja hiyo haina nguvu kwa mtu anayejifunza kazi uani kwake huku watoto wakitazama. Asiye na klampu atoe nguzo nzima, aipakie kwenye bodaboda aipeleke gereji yenye klampu, abadilishiwe pale, arudi kufunga mwenyewe. Kazi kubwa ataifanya nyumbani vilevile, na sehemu ya hatari ataiacha kwa mwenye vifaa.

Shokapu mpya isimamishwe wima, fimbo yake isukumwe hadi chini na kuvutwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa iliyolala ndani wakati wa kusafirishwa itoke. Raba inayozuia shokapu isigonge mwisho na kava la vumbi virudishwe. Vitu hivi viwili vidogo mafundi wengi huvitupa kwa kuwa vimechanika, na bila kava, mchanga wa barabarani hukwaruza fimbo na kula sili. Oili huanza kuvuja, halafu inasemwa shokapu ilikuwa feki. Mauntingi nayo ikaguliwe hapohapo. Kuirudisha mauntingi iliyopasuka juu ya shokapu mpya ni kujitayarishia kazi ileile upya.

Sasa tufike kwenye bushi, ambako fedha nyingi hupotea.

Bushi ya wishiboni ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, katikati yake raba iliyogandishwa kwenye yote mawili. Bomba la nje limepigwa kwa nguvu ndani ya wishiboni. Bomba la ndani hubanwa na bolti kwenye chuma cha gari. Wishiboni inapopanda na kushuka, raba haitelezi, hujipinda. Ndivyo ilivyokusudiwa: ipinde kidogo huku, irudi, ipinde kidogo kule, irudi.

Bolti ikishakazwa, bomba la ndani haliwezi kugeuka tena. Kwa hiyo pembe ambayo wishiboni iko nayo wakati wa kukaza ndiyo inayokuwa pembe ya kupumzikia ya raba. Fundi anayekaza gari likiwa juu ya jeki, gurudumu likining'inia, ameiambia raba ipumzike wishiboni ikiwa imeinama hadi chini kabisa. Gari likishushwa, wishiboni hupanda, raba ikajipinda na kubaki imejipinda hata gari likiwa limelala nyumbani usiku. Kila shimo huongeza mpindo juu ya mpindo. Raba iliyokusudiwa kuishi miaka hupasuka ndani ya miezi. Linalouma ni kwamba fundi huyo hakufanya uzembe: alikaza sana, akaifuta grisi, akarudisha gurudumu vizuri. Kosa liko kwenye mfuatano tu.

Mfuatano sahihi ni huu. Bolti za bushi ziingizwe gari likiwa juu, nati zishikwe kwa mkono na spana nyepesi, zisikazwe mwisho. Gurudumu lirudishwe, gari lishushwe kwenye magurudumu yake yote. Lisukumwe juu na chini mara kadhaa, au liendeshwe mbele na nyuma hatua chache, ili kila kitu kikae mahali pake. Ndipo bolti zikazwe, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Gari la chini halimpi mtu nafasi ya kuingia, basi magurudumu yote manne yapandishwe juu ya mbao nene kwanza. Njia nyingine ni kuweka jeki chini ya habu au chini ya ncha ya wishiboni na kuiinua hadi gari linapoanza tu kunyanyuka kutoka kwenye stendi. Hapo wishiboni iko karibu kabisa na pembe yake ya barabarani. Kwa bushi za nyuma za Carina, ambazo ni nyingi, njia hii ya jeki huokoa muda.

Kung'oa bushi yenyewe kunataka presi. Mafundi wa vijijini huichoma raba kwa moto ikayeyuka, kisha hulipasua bomba la nje kwa msumeno. Inawezekana, ila moshi wake ni mchafu na wishiboni huweza kuchanika. Mwenye uwezo anunue wishiboni nzima yenye bushi na boljointi yake. Akipiga hesabu ya muda na ufundi, tofauti ya bei si kubwa kama inavyoonekana dukani.

Tairodi endi ni kazi nyepesi, yenye mtego mmoja. Ncha yake ni ya mviringo unaochongoka na hung'ang'ania tundu lake. Fundi asipige nyuzi kwa nyundo kutoka chini. Apige ubavu wa jicho la chuma lililoishika, pigo moja au mawili makali, huku nyundo ya pili ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Itaruka yenyewe. Kabla ya kuifungua, ahesabu nyuzi zinazoonekana au apake rangi mahali nati ya kufungia ilipo, mpya irudi palepale. Pini ya kufungia iwe mpya. Msumari uliokunjwa si pini.

Spea za kuaminika hutoka mbali. Duka la Kibondo au Kasulu huagiza kutoka Mwanza, au kutoka Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, mzigo ukaja kwa basi. Majina yanayotafutwa ni ya Kijapani: Kayaba, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1919, na 555 ya kampuni ya Sankei kwa boljointi na tairodi. Jina linalotafutwa ndilo linaloigwa. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kukamata bandia, lakini mkaguzi hawezi kukaa kwenye kila kaunta. Mnunuzi alinganishe namba iliyopigwa kwenye chuma na ile ya boksi. Aangalie fimbo ya shokapu: ing'ae bila mikwaruzo. Aisukume chini: iende kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, isilegee katikati.

Mtumba wa Japani nao una mahali pake. Springi, wishiboni tupu na chuma cha habu vya mtumba vyaweza kuwa bora kuliko vipya vya bei rahisi. Raba ya mtumba haifai, kwa kuwa raba huzeeka hata ikikaa rafuni. Bushi zinazochongwa kwa tairi kuukuu, ambazo mafundi wetu ni hodari nazo, zinafaa kwenye jicho la shokapu na kwenye stebilaiza, ambako hubana na kusukumwa tu. Kwenye wishiboni hazifai, maana hazikugandishwa kwenye chuma na huteleza badala ya kujipinda. Vipi shokapu inayotobolewa, ikajazwa oili na kuzibwa kwa kuchomelea? Oili ya injini ni nzito mno kwa vitundu vile. Gari hukaa gumu wiki chache, sili ileile iliyovujisha mwanzo huvujisha tena, na mwenye gari amelipa mara mbili.

Kuna pia mtindo wa kulinyanyua gari kwa spesa juu ya mauntingi au raba kati ya mizunguko ya springi, ili lisigonge chini kwenye makorongo. Hitaji ni la kweli. Gharama yake ni kwamba sivii jointi na boljointi hufanya kazi kwa pembe kali muda wote. Spesa nyembamba inavumilika. Nene huhamisha uchakavu kutoka sakafuni kwenda kwenye jointi.

Wenye Hilux na Land Cruiser za springi za majani wana shida zao, na Kibondo inazijua vizuri, maana Land Cruiser za mashirika zimepita huko tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na tena baada ya kambi ya Nduta kufunguliwa upya mwaka 2015. Kwao neno ni moja: yu-bolti zikishafungwa zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, kwa kuwa majani mapya hukaa na kulegeza. Yu-bolti iliyolegea huikata senta bolti, na ekseli ikahama.

Kazi ya mbele ikikamilika magurudumu hupoteza mwelekeo wake. Mashine ya alaimenti haiko kila mji, lakini futi ya kupimia ipo. Usukani ukiwa umenyooka, umbali kati ya kingo za rimu mbili za mbele hupimwa kwa futi, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya habu. Magari mengi ya aina hii yanataka mbele pawe sawa na nyuma au papungue kwa milimita 1 au 2. Zaidi ya hapo tairi litaliwa upande mmoja hadi kipara. Kipimo hiki kinatosha kulifikisha gari Kigoma au Kahama kwenye mashine. Nati za gurudumu zikazwe kwa mtindo wa msalaba. Kipimo cha Toyota kwa magari haya madogo ni Nm 103, yaani mkono wa mtu mzima kwenye spana ya kawaida, bila kuisimamia kwa miguu. Siku inayofuata zipitiwe tena.

Asiyetaka kushika spana si lazima ashike. Alipeleke gari kwa fundi wake, amlipe haki yake, na abaki pale hadi zamu ya bushi. Fundi akilala chini na spana huku gurudumu likining'inia, amwombe kwa heshima: "Fundi, tafadhali, tulishushe kwanza." Itachukua dakika 10, na bushi alizonunua baada ya mavuno zitamfikisha mavuno mengine.